Meza ya Kupimia, Mtambwe

Miaka ishirini na mitatu nimekaa nyuma ya mizani hii
nikiwapimia wenzangu karafuu zao,
gunia juu, jicho kwenye mshale,
na mtu akinung'unika humwambia:
yakhe, chuma hakina shemeji.

Karafuu isiyokauka naijua kwa kuishika.
Naijua iliyochanganywa makonyo,
iliyorushiwa maji usiku ili izidi uzito.
Sikujua kuwa nami nimerowa ndani.

Salhina binti Faki alikuja Jumatano, msimu umepamba moto,
na mkoba wa buluu, na kijimashine kama redio ndogo.
Wiki sita alikaa kituo cha afya akingoja wanaume.
Walikuja wajawazito, wakaja watoto wa sindano,
na mwanamume mmoja, kuuliza njia ya gatini.
Akasema: basi, kama hawaji kwenye mizani yangu
nitawafuata kwenye yao.
Akaniomba nusu ya meza.

Tulicheka. Kombo Mjaka alicheka kutushinda,
Kombo wa kupanda mkarafuu bila ya kamba:
"Mimi nipimwe presha? Ipime mikarafuu,
ndiyo inayotetemeka ikiniona."

Na si kiburi kitupu.
Siku ya kwenda Wete ni pishi kumi hazikuchumwa,
ni nauli, ni foleni, ni daktari katoka kidogo.
Wakubwa wa mjini wakipiga chafya hupimwa;
sisi hupimwa urefu tu,
na mchimba kaburi.

Baba yangu, mkono wake wa kulia ulilala Alhamisi usiku
ukakataa kuamka naye.
Tukasema kiharusi ni shetani, tukachinja jogoo mwekundu,
tukafukiza ubani mpaka majirani wakakohoa,
na uji wake tukautia chumvi vizuri
ili apate hamu ya kula.

Hilo la chumvi lilinijia mkanda uliponibana.
Mia na themanini na mbili, akasoma,
kwa mia na kumi.
Nikamwambia, rudia. Akarudia.
Nikamwambia, betri hiyo. Akatia mpya.
Kisha akaniangalia, mtoto niliyekuwa nikimpa ubuyu,
akasema kwa adabu zote:
"Ami, chuma hakina shemeji."

Sasa daftari langu hulifungua pande mbili:
kulia majina na kilo, kushoto majina na presha.
Khatibu Ussi sukari kumi na nne,
aliyekuwa akitoka nje mara sita usiku
akasema ni baridi ya kipupwe.
Shaame kashuka, na hatuna raha naye,
anajitapa dukani kama aliyeoza binti.
Vidonge huja na mkoba uleule. Mize kaficha kopo la chumvi;
ng'onda hulala ndani ya maji, yakamwagwa, akalala tena,
na mchuzi, nasema wazi, una ladha ya karatasi.
Naula.

Kombo alisema: msimu ukiisha.
Msimu umeisha.
Anakaa kizingitini pake, mdomo umekwenda upande,
mwanawe wa darasa la pili anamfunga vifungo vya shati.

Jana nilimfuata Salhina hadi kwake.
Kombo alinyoosha mkono ulio mzima
kabla hajaambiwa.
Hakuna aliyesema neno la mikarafuu.
Mashine ikavuma, tarakimu zikapanda
kama yeye zamani, bila ya kamba,
zikafika kileleni, zikasita,
zikaanza kushuka, tawi kwa tawi,
nikajikuta nimeinuka, kama tulivyokuwa tukisimama chini ya mti,
mikono mbele, nasema:
taratibu, yakhe,
taratibu.